Koti la Lenzi

Mhariri wa michezo aliikuza picha kwenye skrini kubwa ya chumba cha habari mpaka uso wa mshambuliaji ukawa doa la kahawia lisilo na pua. Kisha akaisogeza picha taratibu, akampita mshambuliaji, akafika kwenye nyasi zilizokuwa nyuma yake, akasimama hapo.

"Hizi nyasi zimetoka vizuri sana," alisema. "Mbichi kabisa. Msomaji akipiga simu kuulizia nyasi, nitampa namba yako."

Watu walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Aliyecheka kwa nguvu zaidi ni yule wa ukurasa wa hali ya hewa, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kupatia mvua hata moja.

Bi Mzinga alisimama mbele ya skrini na mkoba wake begani. Jina hilo alipewa na wachezaji kwa sababu ya lenzi ndefu ya ofisi ambayo kila mwisho wa wiki aliielekeza kwao kutoka pembeni mwa goli. Wengine hawakuwahi kujua jina lake la kuzaliwa, na hata kwenye karatasi ya mshahara palikuwa na mtu aliyewahi kuandika Mzinga kwa bahati mbaya. Miaka kumi na miwili alipiga picha za mpira wa miguu, wa magongo, raga, na kila kitu kinachokimbia kwenye nyasi, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwonyesha nyasi.

"Tazama na hii," mhariri aliendelea. "Refa anarusha sarafu. Safi! Naona mpaka kucha zake. Timu zinapasha misuli, safi. Mtu anafunga goli, ukungu. Jumamosi iliyopita ukungu, ile ya kabla yake ukungu. Wiki tatu, dada. Sisi ni gazeti la kurusha sarafu?"

"Nitajitahidi, bosi."

"Usijitahidi. Lete picha." Alizima skrini, na sauti yake ikapungua kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kurasa nne za kujaza. "Jumamosi ni fainali ya wanawake ya mpira wa magongo. Nenda. Ukinirudishia ukungu tena, lenzi inabaki kabatini na wewe unahamia stoo ya picha, kupanga kazi za wenzako. Kuna watu nje wananipigia simu kila siku wakiomba nafasi yako. Nimekutetea mpaka nimechoka."

Bi Mzinga aliitikia kwa kichwa. Alitoka akiwa ameinua uso, akapita meza ya hali ya hewa bila kugeuka, akafika chooni, akajifungia na kulia kidogo. Halafu akanawa, akajitazama kwenye kioo. Hapo ndipo alipofanya kitu alichokuwa akikifanya kwa siri siku nyingi: alifunika jicho la kulia kwa kiganja akajitazama kwa la kushoto, kisha akafunika la kushoto akajitazama kwa la kulia.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mama yake alikuwa na arobaini na saba giza lilipoanza kumwingilia kutoka pembeni.

*

Nyumbani cherehani ilikuwa inalia. Fundi, mumewe, alikuwa ameketi palepale anapoketi siku zote, karibu na dirisha la sebuleni, futi ya kupimia shingoni, amezungukwa na suruali za watu. Siku hizi suruali za kurekebisha zilikuwa nyingi kuliko nguo mpya za kushona, kwa hiyo mshahara wa mkewe ndio uliokuwa ukiwalipia watoto wawili waliokuwa bweni na kodi ya nyumba. Fundi alilijua hilo na hakupenda kulisemea. Badala yake alimtengenezea mkewe vitu.

Kitu cha mwisho kumtengenezea kilikuwa koti la lenzi. Mwezi uliopita mvua ilimkuta Bi Mzinga uwanjani, akarudi ameivua kanga yake na kuifungia lenzi ya ofisi, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Fundi alisikitika sana. Kesho yake aliipima lenzi ile mara tatu kama bwana harusi, akakata kitambaa cheusi cha koti la mvua, akatia sponji ndani, akaweka lastiki kila upande na kushona mshono maradufu. Lilikaa sawasawa, bila mkunjo hata mmoja, na tangu siku hiyo Bi Mzinga hakulivua, liwe jua au mvua. Fundi huyu alikuwa na imani moja maishani, kwamba nguo isiyoukamata mwili ni gunia. Wachezaji walipoliona walipiga makofi na kusema mzinga umevaa suti.

"Mkoba mzito leo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kawaida tu."

"Mhariri anasemaje?"

"Anasema Jumamosi niende kwenye fainali."

"Si nilikwambia? Anajua nani wa kumtuma!" Fundi alifurahi mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Kumbe ndiyo maana umechoka, unaiwaza fainali. Mama, umesikia? Fainali!"

Mama alikuwa kwenye kochi, anakunja mabaki ya vitambaa kwa mikono, vikubwa huku, vidogo kule. Alikuwa haoni kabisa mwaka wa kumi na tisa sasa. Aliitikia, "Nimesikia, mkwe wangu," kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni, na akageuza uso upande aliposimama binti yake. Bi Mzinga akaona heri aende jikoni.

Alipopita alijigonga kwenye kigoda. Palepale moyo ukamlipuka, ingawa kigoda kile kilikuwa kikigongwa na kila mtu tangu kinunuliwe.

*

Jumatano alikwenda kuwapiga picha wale wasichana wa magongo mazoezini, kusudi ajipime. Alifanya kila kitu kama anavyomfundisha mtu anayeanza. Kasi ya shata ya kamera aliipandisha mpaka sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde ili gongo likipigwa lisimame hewani. Alipiga goti ili awe usawa wa wachezaji. Alama ya fokasi, pale kamera inapolenga ukali wa picha, aliiweka kifuani kwa anayekimbia, akamfuata nayo tangu mbali, kidole gumba kikiwa kimebonyeza kitufe chake muda wote, bila kusubiri mpaka afike. Akapiga picha mia mbili, akakaa kwenye benchi kuzitazama.

Zote zilikuwa kali. Nyusi, nyuzi za viatu, jasho puani, vyote vilionekana.

Alipaswa kufurahi, lakini alijisikia vibaya zaidi. Mazoezini hakuna goli lenye maana, mtu anapiga picha huku anapiga soga na kocha. Kumbe ni mechi ndiyo inayomshinda. Ikifika ile nusu sekunde ambayo analipwa kwa ajili yake, jicho linamkataa. Na Mama alivyokuwa akisimulia, ndivyo ilivyoanza kwake: mchana mweupe anaona vizuri, halafu pakiwa na haraka kidogo, kuvuka barabara au kudaka kitu, anakikosa.

Jioni hiyo, Fundi alipotoka kwenda kupeleka suruali kwa mteja, Mama alimwita akae karibu.

"Umeanza?" aliuliza.

"Nimeanza nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Wiki nzima unatembea humu ndani kama mwizi. Unagusa ukuta. Wewe hujawahi kugusa ukuta."

Bi Mzinga alijaribu kucheka ikashindikana. "Picha zangu zina ukungu, Mama. Zile za magoli. Naona mpira vizuri, naona kila kitu, halafu nikitazama nilichopiga, hakuna. Nadhani ni macho."

"Umemwambia mumeo?"

"Nimwambie nini? Ana mawazo yake."

Mama alikunja na kukunjua kitambaa kimoja tu. "Mimi nilificha mwaka mzima," alisema hatimaye. "Nilificha mpaka ikawa hakuna dawa tena. Kesho tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Na usiniambie una kazi."

*

Kwenye kliniki ya macho Mama alijulikana, na wauguzi walimwamkia kwa furaha wakidhani yeye ndiye mgonjwa. Alipowaambia kwamba leo amemleta binti yake, nyuso zao zikabadilika kidogo, na Bi Mzinga akayaona mabadiliko hayo. Kwa bahati mbaya, alijiambia, leo ninaona vizuri sana.

Walimweka kwenye mashine inayopuliza upepo machoni. Wakamtia matone yaliyomwasha. Kisha daktari akamkalisha mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, akampa kitufe mkononi. Vinuru vidogo vitakuwa vinawaka huku na huku, alimweleza, na kila akikiona kimoja abonyeze, bila kusogeza jicho.

Bi Mzinga alibonyeza. Juu, chini, pembeni kabisa, kwenye kona ambazo Mama alisema ndiko giza linakoanzia. Alibonyeza kwa roho yote, meno yameumana, na jasho likamtiririka mgongoni. Mama alikuwa ameketi nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, akisikiliza ile milio ya kitufe na kuihesabu kwa midomo.

Daktari aliichukua karatasi ilipotoka, akaitazama, akavuta kiti.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Napiga picha. Za michezo."

"Nimekuwa hapa miaka tisa, sijaona mtu anayebonyeza haraka hivi. Hukukosa hata kimoja." Alimwonyesha karatasi, ingawa kwake ilikuwa madoa tu. "Presha ya macho iko sawa. Mshipa wa jicho mzima. Pembeni unaona sawasawa. Utahitaji miwani ya kusomea, hilo ni la umri, usinune. Zaidi ya hapo huna ugonjwa wa macho. Kwa kuwa bibi hapa anao, uje tukupime kila mwaka."

"Rudia, daktari," alisema Mama kutoka nyuma. "Sema kwa sauti."

Daktari akacheka, akarudia kwa sauti.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje, na hapo Bi Mzinga akalia kwa mara ya pili wiki hiyo, kilio cha kuchekacheka kinachowatazamisha wapita njia. Mama alimshika mkono. Alimwacha amalize. Naye alikuwa amefurahi mno, maana miaka yote hiyo aliogopa kwamba kitu pekee alichomrithisha mwanawe ni lile giza.

"Haya," Mama alisema baada ya muda. "Tumeshukuru. Sasa kama macho ni mazima, hayo magoli yanakushinda nini?"

Bi Mzinga akafuta pua. Hilo hakuwa amelifikia.

"Basi ni mimi, Mama. Nimechuja."

"Wewe hujachuja. Kitufe nimekisikia."

*

Ijumaa jioni Fundi alilikagua koti la lenzi kwa ajili ya fainali. Aliona lastiki ya mbele imelegea kidogo kwa matumizi, akaifumua, akaweka mpya yenye nguvu, na sehemu ya chini, pale lenzi inapokaa kwenye stendi, akashona moja kwa moja ili lisicheze. "Kesho hata ikinyesha mawe," alisema, akalipiga kofi la upole. Bi Mzinga alimshukuru. Alikuwa amekata shauri kwamba baada ya mechi, iwe isiwe, atamweleza yote.

Mechi ilianza saa tisa alasiri, jua kali, uwanja umemwagiwa maji mpaka unang'aa. Wekundu walikuwa wakishambulia goli la upande aliokaa yeye. Dakika ya tisa mshambuliaji wao aliwapita wawili, akaja moja kwa moja mbele ya lenzi, na Bi Mzinga akamfuata tangu katikati ya uwanja kwa macho mawili ambayo daktari ameyatia sahihi. Alimwona akiinua gongo, alimwona kipa akianguka, akaikamata lenzi sawasawa na kufyatua mfululizo. Goli! Uwanja ukalipuka. Akatazama nyuma ya kamera.

Ukungu.

Alijaribu tena wekundu walipogonga mwamba, ukungu. Akajaribu kipa wa bluu alipoutoa mpira kwa mguu, ukungu. Wapiga picha wa magazeti mengine, waliokuwa wamepanga viti vyao pamoja naye, walikuwa wakionyeshana skrini zao na kupongezana, na mmoja wao akamwuliza, "Bi Mzinga, umelipata lile?" Akajibu, "Nimelipata." Aliona haya kwa uongo huo kuliko kwa picha yenyewe.

Wakati wa mapumziko hakwenda kunywa maji. Alikaa kwenye kistuli chake akageuzia jua mgongo. Siku zote picha mbaya alikuwa anaziruka haraka, kama mtu anayeficha barua ya deni, lakini sasa sababu ya kuogopa macho ilikuwa imeondoka, na bila woga ule alijikuta anazitazama kwa utulivu, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ya mfululizo: mchezaji yuko mbali, uso mkali. Ya pili: mkali. Ya tatu: ameanza kufifia. Ya nne, ya tano, mpaka ya tisa: ukungu mtupu. Lakini uwanja nyuma yake, mahali alipokuwa amekanyaga katika picha ya pili, ulikuwa mkali katika picha zote. Palepale, hapakusogea hata kidogo.

Akarudi, akazitazama tena. Fokasi ikipotea hutangatanga, leo mbele, kesho nyuma. Hii haikupotea. Hii ilikuwa imesimama, kana kwamba mtu ameiambia simama.

Na kwa kweli kuna njia ya kuiambia simama. Karibu na mdomo wa lenzi ile kulikuwa na vitufe vinne vidogo, vimeizunguka, ambavyo kazi yake ni hiyo tu: ukikibonyeza kimoja, fokasi inaganda pale ilipo. Hakuwahi kuvitumia. Katika miaka kumi na miwili mkono wake wa kushoto ulikuwa umejifunza wenyewe kukaa katikati ya vitufe hivyo bila kumwuliza, mpaka akasahau kwamba vipo.

Lakini sasa mkono haukuwa ukigusa lenzi. Ulikuwa ukigusa koti.

Akaielekeza lenzi kwa mtu aliyekuwa akitembea na ndoo ya maji, akaishika kwa ulegevu. Fokasi ikamfuata mtu wa maji vizuri. Akaibana, kama anavyoibana goli linapokuja. Fokasi ikasimama, na mtu wa maji akayeyuka. Akalegeza, akarudi. Akabana, akayeyuka. Alifanya hivyo mara tano, na mara ya sita kwa kujifurahisha tu.

Kumbe sponji ile nene, kwa jinsi koti lilivyokamata, ilikuwa inavikandamiza vitufe kila alipokaza mkono. Sarafu ya refa haikumkaza mtu mkono. Mazoezi hayakumkaza. Ni goli ndilo lililomkaza, na kadiri alivyolitaka ndivyo alivyolikosa.

Alicheka peke yake kwa sauti mpaka wenzake wakageuka. Halafu akajaribu kulivua koti, na kicheko kikakatika. Lastiki mpya haikupita. Chini, penye stendi, palikuwa pameshonwa moja kwa moja. Akavuta uzi kwa meno, lakini mshono wa Fundi hauvutwi kwa meno. Timu zilikuwa zimeshaanza kurudi uwanjani.

Alikimbia kwenye benchi la huduma ya kwanza, lenzi kifuani.

"Una mkasi?"

"Umeumia wapi, mama?" mtu wa huduma ya kwanza aliuliza, akifungua sanduku.

"Sijaumia. Nikatie hili. Hapa, mpaka hapa."

Yule mtu alilishika koti, akaupapasa mshono. "Mbona zuri hivi? Nani kakushonea?"

"Najua ni zuri. Kata!"

Mkasi wake wa bandeji ulikuwa butu, ukawa unatafuna kitambaa badala ya kukikata, na kila ulipotafuna Bi Mzinga alitazama pembeni. Alimwona Fundi amepiga magoti sebuleni, pini mdomoni, akiipima lenzi mara ya tatu. Iliuma kweli. Lakini lilipoanguka, mkono wake ulishika chuma kitupu, ukapata mahali pake pa siku zote, na akajua kwamba amerudi.

Kipindi cha pili bluu walikuwa wanashambulia upande wake. Walisawazisha, akalipata. Zilipobaki dakika mbili, mpira ulitoka kwenye kona ukateleza juu ya maji, na mshambuliaji mmoja mwembamba wa bluu akaruka mzimamzima, mwili sambamba na ardhi, gongo limenyooka mbele. Bi Mzinga aliibana lenzi kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichosimama. Alipotazama nyuma ya kamera msichana yule alikuwa hewani, mdomo wazi, matone ya maji yamemzunguka moja moja, na macho yake, makali kabisa, yanautazama mpira ukiondoka.

Alishusha pumzi ndefu, akakaa chini kwenye nyasi zilizojaa maji, na hakujali.

*

Mhariri aliikuza picha. Akaikuza tena. Mtu wa hali ya hewa alinyanyuka kwenye meza yake akaja kutazama, na hakuna aliyecheka.

"Ukurasa wa mbele," mhariri alisema. "Wa gazeti, si wa michezo." Kisha akamgeukia. "Kulikuwa na nini, dada?"

"Kitu kilikuwa kinaibana lenzi."

"Kitu gani?"

"Kimekwisha, bosi."

Mhariri alimtazama kidogo, akaamua kutouliza zaidi. "Jumamosi ijayo kuna raga. Uwahi, nafasi za mbele zinajaa."

Njiani kurudi nyumbani Bi Mzinga alitunga uongo mzuri. Mpira ulimgonga, koti likachanika, bahati lenzi ikapona. Aliurudia mara kadhaa mpaka ukakaa mdomoni. Lakini Fundi alipolitoa koti mkobani, aliligeuza mara moja tu.

"Hili halikuchanika," alisema. "Limekatwa. Tena kwa mkasi butu."

Basi akamweleza. Hakubakiza kitu: nyasi za mhariri, stoo ya picha, kigoda, daktari, vitufe vinne. Fundi alisikiliza amesimama, koti mkononi, na kadiri maneno yalivyokwenda ndivyo mabega yake yalivyoshuka.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni lastiki."

"Lastiki nani kaiweka? Jana nimeikaza tena! Ningekukaza mpaka ufukuzwe kazi, huku nakupigia makofi." Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Na ulikwenda kwa daktari wa macho. Ulidhani unapofuka, mke wangu, ukalala pembeni yangu siku zote hizo, hukuniambia."

"Niliogopa. Ulikuwa na furaha na koti lako."

"Mama ulimwambia."

"Hakuniambia," alisema Mama kutoka kwenye kochi. "Nilimsikia. Hata wewe ungemsikia, mkwe wangu, kama cherehani ingenyamaza kidogo."

Cherehani ilinyamaza jioni nzima. Fundi alikula kidogo, akajibu alipoulizwa, akaenda kulala mapema. Bi Mzinga alilala na furaha yake upande mmoja na huzuni ya mumewe upande mwingine, na furaha, ni lazima isemwe, ilikuwa kubwa zaidi. Alilala fofofo kwa mara ya kwanza katika wiki tatu.

Alipoamka Fundi hakuwepo. Suruali za watu zilikuwa vilevile, bado hazijaguswa. Alikuwa anachemsha maji ya chai aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa na karatasi ikikunjuliwa.

"Ni gazeti hilo?" Mama aliuliza. "Imetoka? Niambie, mimi siwezi kuiona."

Bi Mzinga alisimama na sufuria mkononi, hakuthubutu kwenda sebuleni.

"Imejaza nusu ya ukurasa," Fundi alisema polepole. "Msichana. Ameruka, Mama, yuko hewani kama amelala. Ana gongo. Maji yamerukaruka kila mahali." Akalisogeza gazeti karibu na macho, na alipoendelea sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti anayoitumia akiwa amemsimamisha mteja mbele ya kioo. "Jezi yake imefumuka begani. Bega la kushoto. Wameshona mshono mmoja tu, mtu ananyoosha mkono namna hii, mshono mmoja utafaa nini? Na uzi wameweka mnene, ona, umeikata nguo yenyewe. Nyuzi tatu zinaning'inia. Hapana, nne, ya nne imejificha kwenye ukosi. Aliyeshona hii alikuwa na haraka."

"Unaziona nyuzi?"

"Naziona, Mama."

"Mpaka nyuzi?"

"Mpaka nyuzi." Gazeti likashuka. Bi Mzinga alikuwa amefika mlangoni mwa jikoni, na Fundi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mke wangu," alisema, "picha hii ni kali."